JIRANI NA USINGIZI WA USIKU



Katika mambo yanayogombanisha watu wakaao pamoja, ni machache yaliyo madogo kwa kuyatazama na mazito kwa kuyavumilia kama kelele za usiku. Mwizi akiiba kuku, watu wote huona kwamba kuku hayupo. Lakini aliyeibiwa usingizi hana cha kuonyesha ila macho mekundu na uchovu; naye aliyemwibia pengine hajui kabisa kwamba ameiba. Kwa sababu hiyo ugomvi wa namna hii huanza kimya kimya, hukua kimya kimya, na siku utokapo nje huwa umekwisha kuwa mkubwa.

Mashambani, ambako nyumba zimeachana, ngoma ikipigwa usiku mara nyingi kijiji kizima huwa kimealikwa. Mjini mambo ni mengine. Katika mitaa ya Nairobi kama Pipeline na Kayole, jamaa nyingi hukaa katika jengo moja la ghorofa, mlango ukitazamana na mlango, na kati ya kitanda cha huyu na meza ya yule pana ukuta mmoja tu. Mmoja atoka kazini saa nne usiku, naye ataka kujiburudisha; wa pili hana budi kuamka saa tisa. Wote wawili hulipa kodi, na wote wawili wana haki ya kupumzika.

Usingizi Si Uvivu

Watu wengine hudhani kwamba mtu alalamikaye kwa ajili ya usingizi ni mlegevu. Hilo ni kosa. Matabibu hushauri mtu mzima apate usingizi wa saa saba au zaidi kila usiku, na mtoto mwenye umri wa miaka 6 hadi 12 apate saa tisa hadi kumi na mbili. Asiyepata kiasi hicho kwa siku nyingi hupungukiwa na nguvu na uangalifu. Dereva husinzia penye usukani, fundi hujikata kidole, na mtoto wa shule humsikia mwalimu wake kama mtu aliye mbali.

Tena sikio halilali. Macho hufumbwa, lakini sikio hubaki wazi usiku kucha, na ndiyo sababu mama humsikia mtoto wake akilia. Sauti ya ghafla huweza kuufanya moyo wa mtu aliyelala upige mbio, ijapokuwa mwenyewe hakuamka wala hakumbuki kitu asubuhi. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani, katika mashauri yake kwa nchi za Ulaya, lilisema kwamba yafaa kelele za usiku nje ya nyumba zisizidi wastani wa desibeli 40, kwa kuwa zikizidi hapo afya ya watu huweza kudhurika. Desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti, kama kilo ilivyo kipimo cha uzito. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili hukaribia desibeli 60.

Afanyaye Kelele Asijue

Lipo jambo moja ambalo wengi hawalifahamu. Sauti nyembamba, kama ya filimbi au ya mwimbaji mwanamke, huzuiliwa sana na ukuta. Sauti nene, kama mdundo wa ngoma, hupenya. Kwa hiyo aliye ndani ya chumba chenye redio husikia wimbo mzuri uliokamilika, lakini aliye upande wa pili hausikii wimbo. Husikia mdundo tu, dum, dum, dum, kama mtu atwangaye kinu juu ya mto wake. Tena redio ikiegemezwa ukutani, au ikiwekwa juu ya rafu iliyopigiliwa misumari ukutani, ukuta wenyewe hugeuka kuwa ngozi ya ngoma.

Basi yatokea mara nyingi kwamba mmoja aona anateswa kwa makusudi, hali mwenziwe aona hafanyi neno lo lote. Nao wasiposemezana, hapana atakayewafumbulia jambo hilo.

Mwoka Mikate na Mchuuzi

Mfano mmoja waweza kulieleza jambo hili. Wala haumhusu mtu fulani, bali ni mambo yatokeayo kila siku. Mtu mmoja mwenye mke na watoto wawili alikuwa akifanya kazi ya kuoka mikate. Gari la kazi lilimpitia saa tisa na nusu usiku, kwa hiyo alilala mapema. Chumba cha pili kilikaliwa na kijana mchuuzi wa mitumba, ambaye hurudi saa nne usiku baada ya kusimama kutwa juani. Kijana huyu hakuwa na mke wala ndugu mjini. Furaha yake ilikuwa redio yenye spika kubwa, aliyoinunua kwa fedha za jasho lake.

Mwoka mikate alinyamaza majuma matatu, akijiambia kwamba kijana atajua mwenyewe. Kijana hakujua. Usiku mmoja mzee akaondoka kitandani kwa hasira, akachukua kiatu, akaupiga ukuta mara tano. Kijana akadhani anadharauliwa, akaongeza sauti. Tangu usiku ule wawili hao hawakusalimiana ngazini, na mke wa mwoka mikate akawakataza watoto wake wasipokee hata andazi kutoka kwa kijana. Kazini nako mambo yaliharibika. Alfajiri moja mzee alisinzia mbele ya tanuri, sinia zima la mikate likaungua, na msimamizi akamwonya kwamba jambo hilo likitokea tena atafutwa kazi.

Mama mmoja auzaye mboga mbele ya jengo hilo alipopata habari, alimwambia, “Baba, mtu akitaka kusema na jirani hapigi ukuta, hupiga hodi.”

Jumapili alasiri mzee akaenda, akapiga hodi. Kijana akamfungulia kwa uso uliokunjamana, lakini adabu ilimshinda, akasema, “Karibu, mzee.”

“Sikuja kugomba, kijana wangu,” mzee akajibu. “Nilikosa kupiga ukuta, uniwie radhi. Lakini iwashe redio yako kama uiwashavyo usiku, kisha uje kwangu mara moja usikie.”

Wakaiacha redio ikilia, wakaenda upande wa pili. Kijana akaweka mkono wake ukutani, juu ya mto wa kitanda, akausikia ukuta ukitetemeka. Alisimama kitambo bila kusema neno. Mwishowe akasema, “Mzee, sikujua. Kule kwangu ni sauti ya kawaida tu.”

Siku ile ile akaing'oa rafu, akaiweka redio juu ya meza upande wa barabara, na chini yake akatandika gunia lililokunjwa. Tena akaahidi kwamba usiku atasikiliza kwa visikizio vya masikioni. Lakini kabla ya kuagana naye alisema, “Mzee, nami niruhusu niseme langu. Kila siku saa tisa ndoo yako ya bati huniamsha, na mlango wako hufungwa kwa kishindo.” Mzee alishangaa sana. Kwa muda wote huo hakufikiri hata mara moja kwamba yeye naye husikika.

Namna ya Kumwendea Jirani

Katika mfano huo yamo mafunzo kadha wa kadha.

Kwanza, yafaa jambo lisemwe mapema. Avumiliaye majuma matatu huwa hasemi tena, hupasuka.

Pili, yafaa lisemwe mchana. Saa saba za usiku huyu ana hasira, na yule pengine ana kileo kichwani. Hapo hata neno jema husikika kama tusi.

Tatu, mtu aende mwenyewe. Asitume watoto wala asipitishe habari kwa majirani wengine, maana habari iliyopita katika vinywa vitatu hufika ikiwa imeota pembe.

Nne, ataje jambo lenyewe: ni sauti gani, saa ngapi, na kwa nini humdhuru. Kusema “wewe ni mtu wa makelele” ni kumshutumu mtu, lakini kusema “mimi huamka saa tisa, na mdundo wa redio hufika kitandani kwangu” ni kumpa habari ambayo hakuwa nayo.

Tano, awe tayari kusikia makosa yake mwenyewe.

Yapo pia mambo ambayo subira ndiyo dawa yake. Mtoto mchanga aliaye usiku hana wa kumshtaki, na mama yake amechoka kuliko jirani. Tena kuna kelele zisizofaa kulalamikiwa wala kuvumiliwa. Sauti ya mtu anayepigwa au anayeomba msaada si kero ya usingizi. Asikiaye hiyo yampasa kuwaita watu na kuwapa polisi habari, wala asijifunike blanketi.

Sherehe na Matanga

Arusi, kesha na matanga ni mambo ya heshima, na hapana jirani mwema awezaye kuyachukia. Hata hivyo, mwenye shughuli akiwapitia majirani siku mbili kabla, akawaambia siku yenyewe na saa ya kumaliza, wengi watamwia radhi, na wengine watakuja kumsaidia. Lakini muziki wa vipaza sauti usiku kucha, hata wa disko matanga kama ilivyozoeleka katika sehemu za Pwani na Magharibi ya Kenya, umekwisha kuleta malalamiko mengi, na mara kadhaa wakuu wa serikali wameupiga marufuku. Maiti huombolezwa na waliompenda. Hapana lazima ya kuwanyima usingizi wagonjwa na watoto wa shule wa mji mzima.

Sheria Yasemavyo

Ikiwa maneno ya upole hayakufaa, mlalamikaji hakuachwa bila msaada. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 42, humpa kila mtu haki ya kuwa na mazingira safi yenye afya. Kifungu cha 70 humruhusu aende mahakamani haki hiyo ikivunjwa, bila kulazimika kuthibitisha kwamba mtu amepata hasara au madhara. Tena Katiba hiyo imezikabidhi serikali za kaunti kazi ya kuzuia kelele na kero nyingine za umma.

Kanuni za kelele zilizotolewa mwaka 2009 chini ya Sheria ya Mazingira ya mwaka 1999 ziliuhesabu usiku tangu saa mbili za usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Katika mitaa ya makazi ziliweka mpaka wa desibeli 50 nje ya nyumba wakati wa mchana, na desibeli 35 tu wakati wa usiku. Katika kuamua kama kelele imepita kiasi, kanuni hizo zilitaka mambo kama haya yaangaliwe: ni saa ngapi, nyumba za watu ziko karibu kiasi gani, kelele ni ya mara moja au hurudia, imeongezwa nguvu kwa mitambo au la, na kama mwenye kuifanya aweza kuipunguza bila taabu wala gharama kubwa. Neno hili la mwisho lina hekima kubwa, kwa maana kuipunguza redio ni kazi ya kidole kimoja.

Lakini yafaa mambo yafuate ngazi zake. Baada ya jirani mwenyewe, aendewe mtunzaji wa jengo au mwenye nyumba, kisha mzee wa mtaa au wa nyumba kumi, kisha chifu. Kelele ikitoka katika baa, kiwanda au jumba la ibada, malalamiko yaweza kupelekwa kwa serikali ya kaunti au kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, ijulikanayo kwa jina la NEMA. Mahakama ya Mazingira na Ardhi iwe ya mwisho. Aendaye huko kote na ashike daftari lililoandikwa tarehe, saa kelele ilipoanza, saa ilipokoma, na majina ya waliosikia pamoja naye. Maneno ya “kila siku” na “usiku wote” hayana uzito kama ukurasa mmoja wa daftari.

Jambo moja halifai kabisa, nalo ni kulipiza. Mtu akatapo waya za umeme za jirani, au aamkapo alfajiri kupiga debe makusudi, ameiacha haki yake njiani. Akifika kwa chifu wataonekana wakosaji wawili.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa kelele za usiku huzibwa kwa neno moja la upole, likisemwa mapema na mchana. Na faida yake si usingizi peke yake. Mtu aliye mbali na kwao, siku augua usiku wa manane, au moto ushikapo chumbani mwake, wa kwanza kusikia kilio chake hatakuwa ndugu yake aliye mashambani. Atakuwa yule yule aliye upande wa pili wa ukuta.