Mwenye Kisukari, Lisha Bakteria Wako: Hotuba kwa Wakazi wa Mutuini



Daktari Hugh Trowell alifika Kenya mwaka wa 1929, baadaye akahamia Uganda. Kwa miaka karibu 30 aliona kwamba kisukari na ugonjwa wa moyo vilikuwa nadra kwa Waafrika waliokula vyakula visivyokobolewa. Alishuku nyuzinyuzi. Leo tunajua zaidi kwa nini.

Ndani ya utumbo mpana mna matrilioni ya bakteria, na wengi hawana ubaya. Wao hula tusichoweza kusaga sisi: nyuzinyuzi za maharagwe, mahindi mazima, managu na terere. Kutokana nazo hutengeneza asidi zinazolisha ukuta wa utumbo. Wakikosa nyuzinyuzi, ukuta unadhoofika, na sumu za baadhi ya bakteria zinaweza kupenya hadi kwenye damu. Mwili hupambana nazo kwa uvimbe wa ndani usioonekana. Mwenye kisukari tayari mishipa yake ya damu inaumizwa na sukari. Huo ni mzigo juu ya mzigo. Mishipa ikiziba ndipo tunaposikia kiharusi, figo kufeli, au kidonda cha mguu kinachoishia mguu kukatwa.

Dagoretti ni nyumbani kwa machinjio, na sikuja kumharibia mtu biashara. Hata hivyo, bakteria hao hao hugeuza kiini fulani cha nyama nyekundu kuwa gesi, kisha ini huigeuza kuwa kemikali iitwayo TMAO. Watafiti wa Cleveland, Marekani, waliihusisha na ugonjwa wa mishipa mwaka wa 2011. Kama ndiyo chanzo au ni dalili tu, wanasayansi bado wanabishana. Choma ya kila siku, basi, ipunguze.

Githeri chenye maharagwe mengi kuliko mahindi kinashinda chapati nyeupe na chipsi. Lakini pima: githeri pia kinapandisha sukari. Ongeza nyuzinyuzi polepole, la sivyo tumbo litajaa gesi. Mwenye shida ya figo amuulize daktari kwanza kuhusu maharagwe.

Zile chupa za "kusafisha tumbo" zinazouzwa stejini, ziacheni. Dawa zenu msiziache. Hata metformini yenyewe hubadilisha bakteria wa utumbo. Na kila jioni, kabla ya kulala, angalia nyayo zako. Ukiona kidonda, hata kidogo kisichouma, njoo hospitali ya Mutuini kesho yake asubuhi.