Mtoto Akila Mende

 

Nyumba zetu za Kibokoni zimeshikana. Jirani akipuliza dawa, mende wake huhamia kwako wakiwa nusu hai, wakafia sakafuni. Wa kwanza kuwapata ni paka. Wa pili ni mtoto anayetambaa.

Mende mwenyewe si sumu. Ametoka chooni na mitaroni, kwa hivyo anaweza kumharisha mtoto. Ukimwona mtoto anamtafuna, usimpigie kelele, atashtuka apaliwe. Toa kwa kidole kile unachokiona tu, usichokore kooni. Mfute ulimi kwa kitambaa safi chenye maji, mnawishe mikono, kisha mwangalie. Kunyonya anyonye kama kawaida.

Lakini je, kama mende huyo amekufa kwa dawa? Dawa iliyo kwenye mende mmoja ni kidogo. Jiulize, mtoto amemwokota wapi? Hapo hapo ndipo palipochorwa chaki ya mende au kumwagwa unga, na huenda mkono wake umeshapapasa na kuingia mdomoni. Tazama vidole, tazama nguo. Mvue, muogeshe kwa sabuni.

Usimtapishe! Najua wengi wetu hukimbilia maji ya chumvi au kidole kooni. Dawa nyingi za kupuliza huchanganywa na mafuta ya jamii ya mafuta ya taa. Mtoto akitapika, mafuta hayo yanaweza kuingia mapafuni, yakamletea ugonjwa mbaya kuliko ule uliokuwa ukiukimbia. Chumvi nyingi nayo humdhuru mtoto mdogo. Na maziwa, mama, hayakati sumu.

Akitoka mate mengi au jasho, akitapika, akitetemeka, akilegea au akipumua kwa shida, usingoje baba arudi kazini. Vichochoro vyetu gari haipiti. Mbebe mpaka barabarani, panda tuktuk, nenda hospitali kuu ya Makadara. Chukua na kopo la dawa, au hicho kipande cha chaki, daktari akione. Dawa ile ya kupimiwa kwenye chupa ya soda, isiyo na jina, daktari ataijuaje? Kwa maoni yangu hiyo isivuke kizingiti chako kabisa.

Na paka je? Ukimwona anadondoka mate na kutetemeka, jua sakafuni kuna dawa. Mwili wa paka hauwezi kuivunja permetrini, iliyomo katika dawa nyingi za wadudu. Mzungushie taulo asikuparure, mwoshe manyoya kwa sabuni na maji ya vuguvugu, apelekwe kwa daktari wa mifugo. Wakati huo huo mnyanyue mtoto, na nyumba ipigwe deki kwa maji na sabuni kabla ya kutandika mkeka tena.