Mtoto mwenye kunyamaza mu klasi
(Maneno tuliyosema kwenye mkutano wa wanachama, Kolwezi)

Komite ilituomba tuzungumze juu ya masomo ya watoto wa wenye kurudi. Sisi wa kwenye tereni tumetembelea shule za Dilala na za Manika, kwa hiyo tutasema yale tuliyoona na yale tunayofikiri. Kisha mtaamua juu ya feza ya sanduku, maana njo kazi ya leo.

Tuanzie kwa mtoto. Amerudi na wazazi wake toka Kasai, ana miaka 12, kule alikuwa mwaka wa tano. Buletini ilibaki njiani ao haikutolewa kabisa. Direkta hana karatasi ya kumpima, anamweka mwaka wa tatu. Anakaa benchi ya nyuma na wadogo zake, magoti yanagonga meza. Hapa miaka ya kwanza wanafundisha kwa Kiswahili, Kifaransa kinaongezeka polepole. Yeye alianza kusoma kwa Tshiluba. Basi ananyamaza. Mwalimu mmoja alituuliza: «Huyu eko bubu, ao eko muvivu?» Hakuuliza kwa ubaya. Alikuwa na watoto watano kwa benchi moja na hakuwa na muda wa kujua.

Kisha miezi mitatu, minne, mtoto haonekani tena. Mkienda kumtafuta, mtamkuta mtoni anaosha mawe pamoja na wengine, na kule anasema vizuri sana, Kiswahili kimemwingia. Mwaka 2014 UNICEF ilikadiria kwamba watoto karibu 40 000 walikuwa wakifanya kazi kwenye machimbo ya kusini mwa Katanga. Watu wa nje wanafikiri ni njaa peke yake inayowapeleka. Njaa iko, hatukatai. Lakini wengine walikuwa wameisha kutoka shuleni wakiwa bado wamekaa kwenye benchi.

Watafiti watatu wa Marekani, Fredricks, Blumenfeld na Paris, waliandika mwaka 2004 kwamba kushiriki kwa mwanafunzi kuna sura tatu: mwili kuwa shuleni na kufuata kazi, moyo kujisikia wa pale, na akili kujitia kweli kwenye somo. Rejista ya mwalimu inahesabu mwili tu. Sisi pia, kwenye raporti zetu kwa wafadhili, tunaandika «watoto waliorudishwa shuleni» na tunahesabu miili. Tunaona ile hesabu haitoshi.

Mambo ya lugha si ya kudharau. Katiba inataja lugha nne za taifa, Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba, na sheria ya elimu ya mwaka 2014 inaruhusu kufundisha kwa lugha za taifa. Katika karatasi mtoto huyu hana kosa. Wazee hapa wanakumbuka mwaka 1993, watu wakilala kwenye stesheni ya Kolwezi majuma na majuma wakingoja treni ya kuwapeleka Kasai, nchi ambayo wengi walikuwa hawajaiona. Kati yao walikuwamo walimu wa shule zetu. Watoto wao walifika kule na Kiswahili chao, wakachekwa. Sasa wajukuu wanarudi na Tshiluba, wanachekwa huku.

Tuje kwa mwalimu. Kwenye semina tunasikia sana neno «uvumilivu wa mwalimu». Tunaliogopa kidogo. Mtu akisifiwa sana kwa kuvumilia, kuna mwingine anapumzika kumlipa. Mnajua historia: toka miaka ya tisini, Serikali iliposhindwa, ni wazazi waliomlipa mwalimu kwa ile primi. Katiba ya 2006, artikle 43, ilisema shule ya msingi ya Serikali ni ya bure, lakini ilingoja hadi Septemba 2019 kuanza kutumika. Serikali ilitaja hesabu ya watoto karibu milioni 4 walioingia ao kurudi shuleni. Klasi zikajaa. Primi ikakatazwa. Na mwalimu ambaye hajaingia kwenye lista ya malipo, hana matrikule, akabaki bila primi na bila mshahara. Wako hapa Kolwezi. Asubuhi anafundisha, mchana anaendesha moto, jioni anasahihisha madaftari kama taa iko.

Kuna utafiti uliofanywa katika Katanga yetu kabla haijagawanywa mwaka 2015. International Rescue Committee iliwakusanya walimu katika vikundi vidogo, wanakaa pamoja, wanaambiana shida za klasi, wanasaidiana namna ya kufundisha. New York University ilipima matokeo kwa kulinganisha shule zilizoanza mapema na zile zilizongoja zamu yao. Kisha mwaka mmoja, watoto waliona zaidi kwamba shule na mwalimu wanawasaidia. Si kila kitu kilisonga mbele. Lakini kwetu hiyo ni kubwa, juu mtoto mwenye kunyamaza anangoja mtu mmoja tu amwone. Tunaongeza onyo: vikundi havijazi sufuria. Mfadhili akivipenda kwa sababu ni bei ndogo, tumwambie wazi.

Sasa sanduku. Miaka yote tumenunua mifuko na madaftari kwa watoto wa wenye kurudi. Picha zinatoka vizuri. Mu klasi, yule mwenye mfuko mpya anakaa karibu na mtoto wa mkrezeri, ao na mjukuu wa mzee wa Gécamines aliyetolewa kazini mwaka 2003, ambaye hana hata kalamu. Mama mmoja jirani alituambia: «Bale banarudia, banapewa. Siye tulibakia, tulikosa nini?» Hatukuwa na jibu, na hatulitafuti. Mfuko ule unamtia mtoto wetu alama ileile tunayotaka ifutike.

Tunaomba feza ya mwaka huu iende pengine. Kwanza madaftari ya klasi nzima, hata kama shule zitakuwa chache. Pili, mtihani mdogo wa kumpima mtoto asiye na buletini, kwa lugha anayoisikia, ili direkta ampange kwa akili yake, si kwa karatasi iliyopotea. Na chakula cha mchana, bukari na sombe tu, siku walimu wanakaa kwenye kikundi, wote, wenye matrikule na wasio nayo. Primi kwa mlango wa nyuma hatutaki: itamrudia mzazi maskini. Juu ya matrikule, komite iandike barua kwa wakubwa wa elimu wa jimbo na iwafuate mpaka wajibu.

Inabaki jambo moja lisilo na bei. Tunatafuta mama na baba wanaosikia lugha zote mbili, wakae mu klasi asubuhi mbili kwa juma, karibu na benchi ya nyuma. Madirekta wawili wameisha kukubali. Wanaotaka wampe sekretari majina yao kabla ya kutoka hapa.