Hotuba ya Mwenyekiti Siku ya Kutimiza Miaka Kumi: Mkeka wa Barazani na Mkeka wa Uwanjani

Ndugu mgeni rasmi, wazee wetu, ndugu wanachama, na majirani mliokuja kutushangilia.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku ya leo. Miaka kumi si siku kumi. Habari za hisa, mikopo na marejesho amekwisha kuzisoma Mweka Hazina, na sisi hatutazirudia. Tutasema juu ya jambo moja lililobaki, nalo ni fedha tulizotenga katika mfuko wa jamii kwa ajili ya kununua mikeka mipya. Mnajua wenyewe kwamba hoja hii imetugawa. Kuna wanaotaka yote iwe ya plastiki, na kuna wanaotaka yote iwe ya ukindu. Wengine wameanza hata kununiana.

Jamani, jambo hili tusilione dogo. Mkeka ndio ofisi yetu. Juu yake tunahesabu fedha, juu yake tunakopeshana, na msiba ukitokea kwa mwanachama, mikeka ya kikundi ndiyo inayotangulia kufika. Na fedha hizo zimetoka kwenye vitumbua, samaki na mchicha wa kila mmoja wetu. Kwa hiyo tuchague kwa akili, tusichague kwa rangi.

Kwanza tujiulize: mkeka utalala wapi? Sisi tuna mahali pawili. Tuna baraza lenye paa na sakafu ya saruji, na tuna uwanja, ambao ni mchanga mtupu, jua lake na mvua yake. Mahali hapa pawili havitaki mkeka mmoja.

Tuanze na ukindu. Mkeka wa ukindu una baridi yake nzuri, hauchomi mwili wakati wa joto la kaskazi, na mtu anakaa saa mbili bila kunung'unika. Lakini adui yake ni maji. Ukilowa ukakunjwa mbichi, unaota ukungu na kunuka. Ukilala juu ya udongo, mchwa wanaujua. Na jua kali la kila siku hupausha rangi na kukausha ukindu mpaka ukakatika. Basi mahali pake ni barazani, chini ya paa. Usafi wake ni kuukung'uta, kuufagia, na kuufuta kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha upate hewa kabla ya kuuviringa. Tuuviringe, tusiukunje kama kanga, maana pale penye mkunjo ndipo panapovunjika.

Sasa plastiki. Wanaoitetea hawakukosea. Ni nyepesi, inaoshwa kwa maji na sabuni, inakauka upesi, na haioti ukungu kama ukindu. Hata mtoto akimwaga uji, dakika tano mambo yamekwisha. Lakini nayo ina maadui wawili. Wa kwanza ni moto. Kaa moja likiruka kutoka kwenye jiko, pameyeyuka, pametoboka. Wa pili ni jua. Mkeka wa plastiki ukiachwa nje mchana kutwa, siku hadi siku, nyuzi zake hukakamaa, zikaanza kukatika vipande vidogo vidogo na kutapakaa uwanjani. Ipo inayotengenezwa kwa dawa ya kuzuia jua. Muuzaji aulizwe. Akibabaika, tujue huo ni wa kutandika na kuuondoa, si wa kuacha nje.

Tena tukumbuke bibi zetu. Plastiki nyepesi juu ya saruji laini inateleza. Bibi akikanyaga pembeni, mkeka unamkimbia, na mfupa wa mzee ukivunjika hauungi haraka. Hili peke yake linatosha kutukataza kuitandika barazani.

Wapo waliopendekeza kapeti la sebuleni. Hilo likinyeshewa linakunywa maji kama sifongo, na kukauka kwake ni kazi. Wapo waliosema nyasi za bandia. Zinapendeza machoni, lakini jua la saa saba likizipiga, hazikanyagiki kwa mguu mtupu, na sisi tunavua viatu. Na mkeka wa mkonge je? Sisi watu wa Tanga mkonge tunauheshimu, tangu ulipoletwa Pangani mwaka 1893. Ni mgumu, lakini nao unakunywa maji na kushika madoa. Ukae ndani.

Siku ya kununua, wale tutakaowatuma wafanye hivi. Wapime baraza kwa kamba kabla ya kutoka, na waache nafasi ya mlango kufunguka bila kukwangua mkeka. Kwa ukindu, wauinue mkeka kuelekea kwenye mwanga. Ukiona mwanga unapenya kila mahali, ukili haukubanwa. Watazame pale ukili ulipounganishwa, mshono usiwe umeachia. Wachukue kitambaa cheupe kilicholowa wasugue rangi. Ikitoka nyingi, itahamia kwenye nguo zetu. Kwa plastiki, wakunje pembe na kuachia, waone kama inabaki na ufa. Watazame pindo lililoshonwa kuzunguka, maana mkeka huanza kufumuka pembeni. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Na hesabu yetu iwe ya kikundi. Mkeka wa nusu bei ukikaa mwaka mmoja, na wa bei kamili ukakaa miaka mitatu, basi kwa miaka mitatu ule wa nusu bei umetula bei moja na nusu. Sisi tunaojua kupiga hesabu ya riba, hili litushinde?

Kuna neno la mwisho, na ndilo zito. Miongoni mwetu wamo wasusi. Hisa zao za mwaka wa kwanza zilitoka kwenye ukili. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, watu walivikumbuka vikapu vyao. Sasa sisi wenyewe tukitoa fedha zetu zote kwa mikeka ya kiwandani, mkopo aliochukua mwenzetu kununua ukindu ataurudisha kwa nini? Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Lakini na wasusi nao wasikilize: hatununui kwa huruma. Mkeka wao utapita kwenye mwanga na kitambaa cheupe kama wa mtu mwingine.

Kwa hiyo kamati inapendekeza hivi. Mikeka ya barazani iwe ya ukindu, isukwe na wanachama wetu. Ya uwanjani na ya kupeleka misibani iwe ya plastiki nzito, na chini yake tutandike turubai ili unyevu usipande. Kila jioni iingie ndani, kwa zamu, na jina la mwenye zamu liandikwe daftarini.

Hoja hii tutaipigia kura Jumamosi ijayo. Atakayeshindwa asinune, akae mkekani na wenzake.

Kikundi chetu kidumu.