Chura Dume Aliyetaga Mayai

Msikilizaji, mwaka 2010 Profesa Tyrone Hayes wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alichapisha utafiti ulionishtua. Vyura madume 40 walilelewa tangu wakiwa viluwiluwi katika maji yenye atrazini, dawa ya kuua magugu kwenye mahindi: sehemu 2.5 tu katika bilioni. Asilimia 10 waligeuka majike, na baadhi yao wakapandwa, wakataga mayai. Dume wa kuzaliwa, anataga!

Hayes anaeleza kwamba atrazini huchochea kimeng'enya kinachogeuza testosteroni, homoni ya kiume, kuwa estrojeni. Watengenezaji wanampinga. Umoja wa Ulaya nao uliipiga marufuku kwa kuchafua maji ya ardhini.

Wewe unayepulizia shamba, bomba lako usilioshe mtoni. Viluwiluwi wamo humo.