Kalamu ya Mwanafunzi na Wajibu wa Mwalimu



Katika shule za sekondari za Marekani, pamoja na masomo ya lazima, mwanafunzi hujichagulia masomo ya hiari. Miongoni mwa hayo yamo utungaji, uandishi wa habari, hotuba na mdahalo. Jambo hili si geni huko: chama cha mdahalo cha shule za sekondari kilianzishwa mwaka 1925 katika mji wa Ripon, jimbo la Wisconsin. Katika mashindano, aghalabu kijana huitetea hoja katika duru moja na kuipinga katika duru nyingine, ili aujue upande wa mwenzake kabla ya kuuhukumu.

Swali linalostahili kuulizwa ni hili: masomo ya namna hiyo huzaa matunda lini? Insha inayosomwa na mwalimu peke yake hupewa alama, kisha ikasahauliwa. Lakini maandishi yanayosomwa na watu wengi humfunza kijana wajibu, kwa kuwa yanaweza kumjenga mtu au kumuumiza. Hapo ndipo ugumu unapoanza, nao huwagusa walimu kuliko wanafunzi.

Mwaka 1983, wanafunzi wa somo la uandishi wa habari katika shule ya Hazelwood East, jimbo la Missouri, walitayarisha toleo la gazeti lao, Spectrum. Ndani yake yalikuwamo makala kuhusu wasichana waliopata mimba wakiwa shuleni, na kuhusu watoto ambao wazazi wao wametalikiana. Mkuu wa shule alihofu kwamba wasichana hao wangetambulikana ingawa majina yao yalibadilishwa, na kwamba mzazi aliyelaumiwa hakupewa nafasi ya kujibu. Aliona pia kwamba baadhi ya mambo hayakuwafaa wanafunzi wadogo. Kwa kuwa mwaka wa masomo ulikuwa ukingoni, aliamuru kurasa mbili nzima ziondolewe, pamoja na makala nyingine zisizokuwa na dosari yoyote. Wanafunzi walipata habari gazeti lilipokwisha kuchapwa.

Shauri hilo lilifika Mahakama ya Juu ya Marekani. Tarehe 13 Januari 1988, majaji watano dhidi ya watatu waliamua kwamba shule inayo mamlaka juu ya gazeti linalotokana na somo lake, madhali ipo sababu ya haki ya kielimu. Majaji watatu waliopinga walisema kwamba zilikuwapo njia nyingine za kurekebisha kasoro bila kuangamiza yote. Baadhi ya majimbo, kama Massachusetts mwaka 1988 na Iowa mwaka 1989, yalitunga sheria za kulinda uhuru wa wanafunzi kuandika; California ilikuwa na sheria yake tangu mwaka 1977.

Sheria iliishia hapo, lakini kwa mwalimu suala halikuisha. Hofu za mkuu yule hazikuwa za upuuzi. Kumsitiri mtoa habari na kumpa anayelaumiwa nafasi ya kujibu ni misingi ya kazi ya mwandishi. Kwa maneno mengine, dosari alizoziona ndizo hasa zilizokuwa somo lenyewe. Lau wanafunzi wangeitwa, wakaelezwa, wakarudi kumhoji mzazi yule na kuandika upya, wangejifunza katika siku chache jambo ambalo vitabu hulifundisha kwa shida. Kurasa zilipoondolewa kimya kimya, walichojifunza ni kwamba mwenye madaraka hana haja ya kutoa sababu.

Ndugu Walimu, samaki mkunje angali mbichi. Shule inayowafundisha vijana kuandika na kusema haina budi kuwa tayari kusoma na kusikiliza yasiyoipendeza. Kijana akikosea, arudishiwe andiko lake pamoja na sababu, naye apewe muda wa kulisahihisha. Kijana huyo ndiye atakayekuwa karani, mwalimu au kiongozi wa kesho. Na namna alivyosikilizwa darasani ndivyo naye atakavyowasikiliza wananchi watakaofika mbele ya meza yake.