Ukiokota Mtoto wa Paka, Mkumbuke na Mama Yake

Hotuba ya afisa wa mifugo kwa wauzaji wa nafaka, Nakuru

Nyinyi mnaouza mahindi na maharagwe mnajua faida ya paka. Wahenga walisema, paka akiondoka, panya hutawala. Lakini paka huyo huyo akizaa nyuma ya magunia, watoto hutiwa kwenye katoni na kuachwa jaani au kando ya ua wa Mbuga ya Ziwa Nakuru. Wengi hufa kwa baridi na njaa. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inakataza kuwatesa wanyama.

Wako wenye huruma wanaowaokota. Asanteni. Ila msiharakishe. Mama huenda ameenda kutafuta chakula, kwa hivyo kaeni mbali mkiangalia kwa saa chache, isipokuwa watoto wamo hatarini. Asiporudi, watieni joto kwanza: chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kitambaa inatosha. Msiwape maziwa ya ng'ombe, yanawaharisha. Mwulizeni daktari wa mifugo maziwa ya unga yanayowafaa. Mtoto anyonye akiwa amelalia tumbo, si chali, asije akapaliwa. Kuanzia wiki ya 4, anzeni kumpa chakula laini kidogo kidogo.

Paka akikuuma au kukuparura, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kichaa cha mbwa huambukizwa na paka pia, na dalili zikishaanza, ni nadra mtu kupona. Paka wapewe chanjo kama mbwa.

Sasa tufike kwenye kiini. Paka jike hubeba mimba kwa wiki 9 hivi. Anaweza kuzaa mara 2 au 3 kwa mwaka, mara nyingi watoto 4 kila uzao, na anaweza kushika mimba nyingine akiwa bado ananyonyesha. Binti yake naye huanza kupandwa akiwa na miezi 4 au 5. Ukiokoa watoto ukamwacha mama, baada ya miezi michache utakuta katoni nyingine.

Dawa ni kuhasi. Daktari humlaza paka kwa dawa ya usingizi, kisha humwondoa dume kende, au jike viungo vya uzazi. Wengine huogopa kwamba paka aliyehasiwa hataua panya. Si kweli. Anaendelea kuwinda, na dume hupunguza kupigana, kuzurura na kukojolea magunia.

Tatizo ni kwamba paka wa soko hana mwenyewe mmoja, hivyo hakuna anayejitolea kulipa. Lakini panya anaowaua ni wa maduka yote. Basi maduka 5 yanayotumia paka mmoja yachange, kama mnavyochanga katika chama.

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti jukumu la udhibiti na ustawi wa wanyama. Leo mkirudi madukani, hesabuni paka wenu, majike wangapi, madume wangapi. Leteni hesabu hiyo katika ofisi ya mifugo ya kaunti ndogo yenu, tupange siku ya chanjo na kuhasi. Anzeni na majike.